Mburuzo wa Tatu

Baba yangu alikuwa na hadithi moja tu, na aliisimulia vizuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumwomba ya pili. Kila mwaka masika yakikatika, maji yakiwa bado yamejaa mbugani, alichukua mtumbwi wake wa mninga, upondo, kafi na kikapu cha chakula, akaondoka peke yake kijijini kwetu, si mbali na Kimamba, akaivuka mbuga nzima hadi upande wa Mikumi. Mabwawa manne, siku tatu. Njiani alivua kambale, akawabanika, akawauza huko aendako, kisha akarudi kwa njia ile ile. Kati ya bwawa na bwawa kuna nchi kavu, na hapo mtumbwi hauelei, unaburuzwa. Sehemu hizo tuliziita miburuzo. Wa kwanza mfupi, wa pili una kilima, wa tatu ni mrefu na ardhi yake ni udongo mweusi unaonata. Hadithi ikifika kwenye mburuzo wa tatu, Baba alisimama pale barazani, akajitwisha begani kamba isiyoonekana, akainama, akavuta, na sisi watoto sita tukakunja mabega pamoja naye.

"Na nani?" aliuliza.

"Peke yako!" tulijibu.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yangu iko Mikumi kando ya barabara kuu, natengeneza tela za malori na mageti ya watu wenye uwezo. Chuma hakinidanganyi. Kikiwa na ufa nauona, na kama siuoni nakigonga nausikia. Nilidhani nina jicho hilo hilo kwa watu.

Baba alifariki kiangazi cha mwaka juzi. Masika yaliyofuata, mwenyekiti wa kijiji, ambaye tulikaa naye dawati moja shule ya msingi, alinipigia simu nikiwa chini ya tela. Akasema kijiji kinapanga upya matumizi ya ardhi, na wafugaji wameomba watengewe njia ya kufikisha ng'ombe kwenye maji ya mbugani. Wanadai walikuwepo huko tangu zamani. Mkutano mkuu utakaa baada ya mvua.

"Marehemu mzee ndiye aliyelimaliza hili suala mara ya kwanza," alisema. "Sasa sisi tuliobaki hakuna anayeijua ile mbuga. Wewe ni damu yake, kaka. Ivuke kama alivyoivuka yeye, uje usimame pale useme ulichokiona. Watu watakuamini."

Hiyo mara ya kwanza naikumbuka vizuri. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, mwaka ambao mahindi ya watu yaliliwa na ng'ombe na wanaume walikuwa wanatembea na mapanga hata kwenda msikitini. Baba alisimama akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alisema: "Mimi nimeivuka mbuga ile peke yangu, mwaka hadi mwaka. Sijaona boma. Sijaona moshi. Sijaona mtu." Basi. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga mpaka viganja vikawasha. Wiki ile ile wafugaji wakaambiwa waondoke, kwa kuwa hawakuwa na asili pale, na wakaondoka.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia mimi ni damu yake, sikuuliza la pili. Nilifunga karakana, nikapanda gari la kwenda Kilosa, nikashuka na kuchukua bodaboda hadi kwa Mama.

Mtumbwi ulikuwa nyuma ya nyumba, umelazwa kifudifudi juu ya mawe. Baba hakuutumia tena kwa zaidi ya miaka ishirini, alisema mgongo umemkatalia, lakini kila mwaka aliupaka oili chafu ili mchwa wasiule. Niliukagua kifundi. Ubao ulikuwa mzima. Tatizo nililoliona ni matundu mawili, moja kila upande karibu na ncha ya mbele, mapana kama dole gumba la mguu, na ndani yalikuwa yamelika hadi kuwa laini. Tukiwa watoto tulimwuliza Baba ni ya nini, akatuambia ni ya mtumbwi kupumulia, maana mti ukilowa huvimba. Tulimwamini. Mimi mtu mzima, na cheti cha ufundi juu, nikaona ni uzembe wa mchongaji. Nilikata vipande vya bati nene, nikatia mpira wa tyubu chini yake, nikakaza kwa boliti, nikapaka lami. Kazi safi. Nikaipiga picha, nikamtumia mwenyekiti, naye akanirudishia alama ya kidole gumba.

Mama alinifungia unga, chumvi, dagaa na ndimu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamcheka, nikamwambia mume wake alikwenda zaidi ya mara kumi. Hakucheka. Alinifungia vizuri kamba ya kikapu, akaingia ndani.

Siku ya kwanza nilijifunza kwamba mtumbwi hauna heshima kwa fundi. Upondo ni mti mrefu tu, unauchomeka kwenye tope na kujisukuma, na mtu akikuangalia toka ukingoni anaona jambo rahisi. Lakini ukiuchomeka wima mno unabaki kwenye tope na wewe unaondoka bila huo mti. Ukiulaza mno unazunguka. Nilizunguka bwawa la kwanza kama mtu anayetafuta funguo zake. Yangeyange waliinuka kwenye matete, wakatua tena palepale, waliona sina madhara. Jua lilipokuwa utosini ndipo nikaanza kuona mtumbwi unanielewa, na nikakaa sawa, nikaacha maji yapite chini yangu bila kelele. Yalikuwa maji ya rangi ya chai, na chini yake nyasi za mwaka jana zilikuwa zimelala upande mmoja. Sikumbuki lini nilifurahi vile. Nilijisemea kwa sauti, "Baba, nimekuja."

Mburuzo wa kwanza ulikuwa hatua mia hivi. Nilikuwa na magogo matano ya kuviringishia, unene wa paja. Unayapanga mbele, unavuta mtumbwi juu yake, gogo la nyuma likibaki unalikimbilia na kulileta mbele. Nilivuta, nikakimbia, nikavuta. Mikono ilichubuka lakini niliumaliza. Nikalala ng'ambo juu ya ardhi kavu karibu na mikoche, nimechoka hadi sikusikia mbu. Asubuhi nikavuka bwawa la pili, dogo, lenye kiboko mmoja aliyenitazama kwa masikio tu, nikampisha mbali nikiwa nimeshika kafi kwa mikono yote miwili, ungedhani lingenisaidia. Kilima cha mburuzo wa pili kilinichukua nusu siku. Nilitukana magogo yale kwa majina ambayo sitayaandika. Lakini kila nilipokaa kupumua niliuona mgongo wa Baba ukiinama pale barazani, na nikaona aibu, nikainuka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilifika mwisho wa bwawa la tatu. Mbele yangu palikuwa na mburuzo wa tatu. Hadithi haikusema uongo kuhusu urefu wake. Ilikuwa karibu kilomita nzima ya udongo mweusi uliolowa juu na kushika chini, na ng'ambo kwa mbali michongoma na migunga michache, na nyuma ya hapo, nilijua, bwawa la nne.

Niliweka gogo la kwanza. Nikavuta. Gogo halikuviringika, likazama. Mtumbwi ukapanda juu yake na kulizika. Nikalichimbua kwa mikono, nikalipangusa, nikalirudisha. Likazama. Nikajaribu bila magogo, nikavuta kwa kamba begani kama alivyofanya yeye, miguu ikaingia mpaka katikati ya muundi, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyojizika mwenyewe huku mtumbwi umetulia. Nikakata nyasi, nikatandika. Nikasogea hatua mbili. Nikatandika tena. Hatua moja. Nilitoa kikapu, magogo, kafi, kila kitu, nikavuta mtumbwi mtupu. Mimi nabeba vyuma kila siku ya Mungu. Baba yangu alikuwa mtu mwembamba ambaye kanzu ilimning'inia.

Jua lilipokuwa limeanza kuinama nilipima kwa macho. Nilikuwa nimesogea labda hatua thelathini. Nikakaa juu ya ukingo wa mtumbwi na tope limenikaukia mpaka shingoni, nikafanya kile ninachofanya karakanani jambo likikataa: nikaacha kulisukuma, nikalifikiria. Uzito huu, udongo huu, mtu mmoja. Nikafikiria tena, nikitafuta nilipokosea. Sikukosea popote. Mtu mmoja hawezi. Si kwamba mimi nimeshindwa, hawezi mtu yeyote, wala Baba hakuweza. Nilikaa pale na hilo jambo, na sikutaka liwe kweli. Nilitafuta visingizio kwa niaba yake. Labda zamani ardhi ilikuwa ngumu zaidi. Labda mtumbwi ulikuwa mkavu.

Ndipo nikaona punda wawili wanakuja toka upande wa migunga, na nyuma yao mzee mrefu mwenye shuka la bluu na viatu vya matairi. Alikuja bila haraka. Alipofika hakunitazama mimi kwanza. Aliutazama mtumbwi, akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Akauzunguka mtumbwi hadi mbele. Akapapasa bati langu. Akainua uso. "Nani ameziba?"

"Mimi, mzee. Kulikuwa na matundu."

"Ndiyo. Ya kamba ya punda." Alisema kwa upole tu, kama unavyomweleza mgeni choo kilipo. "Wewe ni mtoto wake?"

Nilisema ndiyo.

"Yeye mzima?"

Nikamwambia amefariki, kiangazi kilichopita. Akasema kitu kwa lugha yao, halafu akaniomba spana. Nilikuwa nayo. Nilipiga magoti kwenye tope nikafungua boliti zangu mwenyewe, moja moja, na yeye akapitisha kamba ya ngozi kwenye tundu la kulia, akatokea la kushoto, akafunga fundo bila kuangalia mikono yake. Kamba ilikaa pale palipolika, sawasawa kabisa. Akawafunga punda, akapiga mluzi. Mtumbwi ukaondoka. Mimi nilitembea nyuma nikiwa nimebeba kafi, na nilichofanya tu ni kuusahihisha ukienda upande. Tulimaliza mburuzo wa tatu kabla chai haijachemka, na chai yenyewe ilikuwa kwake, chini ya migunga, ambapo palikuwa na vibanda viwili vya turubai na zizi la miiba.

Mkwe wake alinipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Niliionja. Mzee akaniona.

"Sukari hakuna," alisema. "Sukari ilikuwa ya baba yako. Kila mwaka analeta kilo mbili na majani ya chai. Mimi nampa punda na maziwa. Analala hapa, usiku mmoja kwenda, usiku mmoja kurudi. Boma langu lilikuwa kubwa, lilikuwa pale." Akaonyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na nyasi tu. "Alinifundisha kula kambale. Sisi hatuli samaki. Nilikula kwa sababu yake."

Kilo mbili za sukari. Nilimwona Mama akizifunga. Kila mwaka nilimwona akizifunga kwenye kikapu cha mtu mmoja anayekwenda safari ya siku chache, na sikuuliza, kwa sababu mtoto haoni ajabu katika vitu vya nyumbani kwao.

Nilimwuliza mzee kama anaujua ule mkutano wa uwanja wa shule. Nilitamani aseme haujui.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilisimama nyuma, kwenye goli la mpira. Hatukuruhusiwa kusema, majina yetu hayakuwa kwenye daftari la kijiji. Vijana wangu walitaka tuondoke mapema. Nikawaambia ngojeni, yuko mtu mmoja anatujua, atasema. Akasimama. Nikawaambia, huyo." Alikunywa chai. "Aliposema hakuona mtu, nilidhani amesahau. Nikasogea mbele kidogo ili anione. Akaniona."

Mkwe wake alikuwa anakamua mbuzi, na nilisikia maziwa yanavyogonga kibuyu.

"Tulihama tukaenda mbali, hakuna maji. Ng'ombe wengi walikufa. Sasa nimezeeka, tumerudi masika haya, tunakaa kwa kujificha. Lakini nilikuwa nasikiliza kama mtumbwi utakuja. Yeye hakuja tena?"

"Hakuja tena."

"Hakuwa na punda," mzee akasema.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira hasa, na ikanishika upande ambao sikuutarajia. Sikuwaza kwanza ng'ombe wa watu waliokufa. Niliwaza mgongo. Miaka zaidi ya ishirini tumemhurumia mgongo wake! Dada yangu alikuwa anampaka dawa ya kuchua. Mimi nilimnunulia godoro zuri kwa fedha ya geti zima. Na mgongo wake ulikuwa mzima. Alimfukuza mtu aliyekuwa anambebea safari, safari ikafa, na yeye akaendelea kuisimulia, akisimama na kuvuta kamba ya hewa, na kutuuliza sisi watoto wake na nani, na sisi tukimjibu uongo wake kwa furaha. Alitufanya mashahidi wake. Nilikuwa nimepiga makofi.

Mzee alinisindikiza asubuhi hadi kwenye maji ya bwawa la nne. Alinisaidia kusukuma mtumbwi hadi ukaelea. Hakuniomba chochote. Aliniuliza swali moja, akiwa amesimama majini hadi magotini, ameshika ncha ya mbele, na mimi nimekwisha kukaa.

"Ukifika kwenu, utasema ulipita na nani?"

Nikamwambia nitasema. Akaachia mtumbwi.

Sikumbuki uzuri wa bwawa la nne, ingawa najua ni zuri. Nililivuka kwa hasira, upondo unaingia na kutoka, na nilifika ng'ambo mapema mno. Rafiki yangu wa Mikumi alikuja na kirikuu yake, gari dogo la mizigo, tukaupakia mtumbwi, tukauzungusha kwa barabara hadi kijijini. Njia nzima aliniuliza ilikuwaje, na mimi nilimjibu ilikuwa ndefu.

Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia kila kitu, toka boliti hadi goli la mpira. Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza, nikamwuliza kama alijua.

"Nilifunga sukari," alisema.

"Mama, ulijua na ukakaa kimya!"

"Ulitaka niseme nini? Baba yako alikuwa na watoto sita na shamba moja, na wanaume wamekuja hapa mlangoni na mapanga kumwuliza yuko upande gani. Angesema anao marafiki kule mbugani, tungelala wapi? Wewe ulikuwa unasoma. Ada yako ilitoka kwenye shamba hilo hilo." Akaweka ungo chini. "Alipotoka mkutanoni alitapika. Hilo hukuliona. Ulikuwa unacheza na wenzako."

"Na mbona aliendelea kuisimulia? Kila Idi, kila harusi! Hilo nalo alilazimishwa kwa panga?"

Alitazama mlango wa chumba chao. Halafu akasema polepole, na sauti yake haikuwa ya kuamuru, ilikuwa ya kuomba, na Mama hakuwa amewahi kuniomba kitu maishani mwangu: "Mwanangu, kesho kwenye mkutano sema umevuka. Usiseme zaidi. Mwache baba yako alale. Mimi nabaki hapa, wewe una Mikumi yako."

Nikatoka nje. Nilitembea hadi reli na kurudi. Najua jinsi ya kueleza jambo kwa mteja ili asielewe ni kosa langu, kila fundi anajua. Ningeweza kusema nimevuka na kukaa. Lakini kila nilipoyapanga hayo maneno nilimwona yule mzee akisogea mbele kidogo ili aonekane.

Mkutano ulikuwa uwanja ule ule. Wafugaji watatu walikaa upande, safari hii wameruhusiwa, na yule mzee hakuwepo, alikuwa amebaki na ng'ombe. Mwenyekiti alinitambulisha kwa maneno mengi kuliko nilivyostahili. Akasema mtoto wa nyoka ni nani, watu wakacheka, akasema huyu ameivuka mbuga peke yake kama baba yake. Makofi. Mama alikuwa mstari wa mbele upande wa wanawake, amevaa kanga mpya.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, mwishowe nilisema vibaya, kwa haraka na kwa sauti ya juu mno. Nilisema sikuvuka peke yangu. Nilisema mburuzo wa tatu hauvukwi na mtu mmoja, na asiyeamini aende na mtumbwi wangu kesho, nitampa na magogo. Nilisema nilivushwa na mzee mwenye punda, na mzee huyo ndiye aliyemvusha Baba miaka yote, na Baba alilala bomani kwake na kunywa maziwa yake. Nilisema boma lilikuwepo. Nilisema yale aliyoyasema Baba mahali hapa hayakuwa kweli, na aliyasema akiwa anamtazama mtu huyo kwa macho yake.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Wamekulipa nini?" Mwingine akasema ninamtukana marehemu asiyeweza kujibu. Mwenyekiti alinishika mkono akaninong'oneza, "Kaka, umeniua." Wale wafugaji watatu hawakufurahi wala kushukuru, mmoja alikuwa anafuta macho kwa shuka, basi. Nilipotazama upande wa wanawake, nafasi ya Mama ilikuwa tupu. Uamuzi haukutolewa. Mkutano uliahirishwa, na mpaka ninapoandika hakuna aliyetangaziwa siku nyingine, na yule mzee bado anajificha.

Siku ile hakuna aliyepita nyumbani kunisalimu. Mama alikuwa amejifungia chumbani, na chakula alichoniachia mezani nilikila peke yangu.

Asubuhi nilifunga mfuko wangu. Bodaboda alikuwa amekwisha kufika, anangoja barabarani. Mama alikuwa uani, ameinama anafagia. Nikaenda hadi karibu naye.

"Shikamoo, Mama."

Alifagia. Nilidhani hakusikia kwa sababu ya ufagio, nikasema tena, kwa sauti zaidi. Aliyakusanya majani, akayasogeza upande wa pili wa miguu yangu, akaendelea mbele. Nimemwamkia mama yangu kila asubuhi ya maisha yangu niliyokuwa naye, hata siku nilizomkosea sana, na hajawahi kuiacha salamu hewani. Nikabaki nimesimama pale, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, nimeshika mfuko.

Mke wa jirani akapita nje ya ua na ndoo ya maji kichwani. "Shikamoo, mama!"

Mama akainua mgongo, akaegemea ufagio. "Marahaba, mwanangu," alimjibu. "Umeamkaje?"